Mwanamke, Mvua na Usemi wa Tabianchi: Kyuso katika Historia ya Ukambani

Utangulizi

Katika maandishi mengi yanayohusu mazingira ya Afrika, mwanamke ameandikwa kwa namna mbili ambazo zimekaribia kuwa kanuni. Ama yeye ni mhanga wa ukame, anayetembea mwendo mrefu akiwa na mtungi mgongoni, ama ni mlezi wa ardhi ambaye kwa maumbile yake anaijua na kuihurumia kuliko mwanamume. Picha hizi zinaonekana kupingana, lakini asili yake ni moja, kwani zote mbili zinamtoa mwanamke katika historia. Mhanga hana alichotenda, na mlezi wa maumbile hakujifunza anachokijua. Makala haya yanakusudia kuzipima picha hizo kwa historia ya Kyuso na maeneo ya Kitui na Makueni, huko Ukambani. Yanadai kwamba misimamo ya wanawake na wanaume kuhusu mabadiliko ya tabianchi hutokana na mgawanyo wa kazi, wa mali na wa haki ya kusema, na kwamba mgawanyo huo una tarehe zake.

Kyuso iko kaskazini mwa mji wa Mwingi, katika nyanda kavu zinazoteremka kuelekea Mto Tana. Ng'ambo ya mto huo ni nchi ya Watharaka. Mvua ni za misimu miwili: zile za Machi hadi Mei, ambazo Wakamba huziita uua, na zile za Oktoba hadi Desemba, nthwa. Mgeni aliyezoea nyanda za juu za Kenya hutazamia kwamba mvua za masika ndizo tegemeo la mkulima. Ukambani mambo ni kinyume: nthwa ndiyo inayoaminiwa zaidi. Mawele, mtama, kunde, mbaazi na pojo hustahimili huko pale ambapo mahindi hukauka yakiwa machanga.

Ukuu wa Kaya na Hesabu ya Maoni

Mwaka 2012, H. K. Ndambiri na wenzake walichapisha utafiti uliochukua Kyuso, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya, kuwa mfano wake. Waligundua kwamba takriban asilimia 94 ya wakulima waliohojiwa walikuwa wameshatambua kuwa tabianchi inabadilika, na kwamba asilimia 85 ya hao walikuwa wamechukua hatua fulani ya kukabiliana na mabadiliko hayo. Kwa yeyote aliyezoea kudhani kwamba mkulima wa nusu jangwa hana habari na jambo hili mpaka aelezwe katika semina, takwimu hizo ni jibu tosha.

Hata hivyo, msomaji mwenye jicho la kifeministi atasita katika sehemu moja. Miongoni mwa mambo yaliyopimwa ili kueleza tofauti za utambuzi ni umri, elimu, tajiriba ya kilimo na jinsia ya mkuu wa kaya. Kibwagizo hiki, "mkuu wa kaya", si cha watafiti hao peke yao. Ni desturi ya takwimu za kilimo kote duniani. Lakini athari yake katika Ukambani ni kubwa kuliko mahali pengi. Mwanamke aliyeolewa, ambaye mumewe anahesabiwa kuwa mkuu, hana jinsia katika jedwali la namna hiyo. Jinsia iliyopo ni ya mumewe. Ilhali tangu enzi ya ukoloni wanaume wa Ukambani wamekuwa wakienda jeshini, polisi, kwenye reli na katika viwanda vya Nairobi na Mombasa, wakirudi kwa likizo. Mtu anayeamua siku ya kupanda, anayeitazama mbegu ghalani na kukadiria kama itatosha kupandwa mara ya pili endapo mvua ya kwanza itadanganya, mara nyingi si yule ambaye jina lake liko juu ya dodoso. Tukisoma kwamba jinsia ya mkuu wa kaya inaathiri utambuzi, tunachosoma ni habari za mamlaka ya nyumba. Habari za maoni ya wanawake bado hatujazipata.

Tatizo linakuwa zito zaidi inapokumbukwa kwamba Wakamba wenyewe wana asasi inayovuruga dhana ya mkuu wa kaya. Katika desturi ya iweto, mwanamke asiye na mtoto wa kiume huweza kumwolea nyumba yake mke, na watoto wa mke huyo wakawa wa nyumba ya mwanamke aliyetoa mahari. Kwa njia hiyo nyumba ya mwanamke hupata warithi na kushika ardhi yake. Hapa kuna kaya ambamo "mume" ni mwanamke. Dodoso litamwandika kuwa nini? Swali hili laweza kuonekana la mzaha, lakini ndilo linaloonyesha kwamba makundi ya takwimu hayakuokotwa njiani. Yametungwa, na yana watungaji.

Tafiti za maoni katika nchi nyingine zinaongeza utata. Aaron McCright, katika makala yake ya mwaka 2010 kuhusu Marekani, alionyesha kwamba wanawake wa huko walijua zaidi kidogo kuhusu mabadiliko ya tabianchi na kuyahofia zaidi kuliko wanaume, ingawa wao wenyewe waliukadiria ujuzi wao kuwa mdogo kuliko ulivyokuwa. Barani Afrika ripoti ya Afrobarometer ya mwaka 2019 ilitoa picha nyingine: wanawake waliosema wamewahi kusikia kuhusu mabadiliko ya tabianchi walikuwa wachache kuliko wanaume. Wako waliolichukua tokeo hilo kuwa ushahidi wa ujinga. Yafaa kuuliza kwanza kilichopimwa. Kusikia istilahi ni jambo moja, kuona kisima kikikauka mwezi mmoja kabla ya kawaida yake ni jambo jingine. Istilahi hupitia shuleni, redioni na katika mikutano ya chifu, na njia zote hizo wanaume walitangulia kuzipita.

Istilahi yenyewe inastahili neno, maana huu ni uwanja wa fasihi. Kiswahili kimeliita jambo hili tabianchi, na neno tabia kwa kawaida ni la mwenendo na malezi. Nchi ikisemwa kuwa imebadili tabia, msikilizaji anayeijua lugha huuliza ni nani aliyeiharibu. Lugha ya sayansi inakwepa swali hilo kwa kutaja hewa ya ukaa; lugha ya kijijini hailikwepi, na mara nyingi jibu lake humwangukia mwanamke anayekata kuni. Uchumi wa viwanda ulio mbali hauonekani kutoka Kyuso. Mzigo wa kuni unaonekana.

Wenye Mvua

Kabla ya wataalamu wa hali ya hewa, mvua ilikuwa na wasemaji wake. Ukambani, sadaka za kuomba mvua zilitolewa kwenye mathembo, yaani mahali patakatifu penye miti ambayo haikukatwa, na wazee wa kike walikuwa na nafasi yao humo pamoja na wazee wa kiume. Ngoma ya kilumi, ambayo huongozwa na wanawake, hasa waliokomaa kiumri, ilichezwa kwa ajili ya uganga, pepo na mvua. Maandishi ya Gerhard Lindblom, ambaye kitabu chake juu ya Wakamba kilitoka mwaka 1920, na baadaye kazi za John Mbiti, aliyezaliwa Mulango karibu na mji wa Kitui mwaka 1931, zimehifadhi mengi kuhusu itikadi hizi.

Jambo moja katika habari hizo limepuuzwa na wananadharia. Ikolojia-ufeministi, hasa ya mkondo wa Vandana Shiva katika Staying Alive (1988), iliuona uhusiano wa mwanamke na ardhi katika uzazi: wote wawili ni watoaji wa uhai. Lakini mwanamke aliyepewa sauti katika mambo ya mvua Ukambani alikuwa, aghalabu, ni yule aliyeupita umri wa kuzaa. Sauti yake ilitokana na miaka, na ukoo, na kule kuwa ameshatoka katika mamlaka ya karibu ya mume na mama mkwe. Kama uzazi ndio ungekuwa chemchemi ya ujuzi wa mazingira, msichana aliyeolewa jana angesikilizwa kabla ya bibi yake. Hakusikilizwa.

Serikali ya kikoloni ilielewa mapema kwamba sauti hiyo ilikuwa ya kisiasa. Mwaka 1911 mjane aliyeitwa Siotune wa Kathuke alianzisha vuguvugu lililotumia ngoma ya kilumi na kupagawa na pepo, na Kiamba wa Mutuavio akaligeuza kuwa upinzani wa wazi dhidi ya utawala. Waingereza waliwakamata wote wawili na kuwapeleka uhamishoni Kismayu. Historia za shule huliandika tukio hili katika mlango wa upinzani dhidi ya ukoloni, na ni sawa. Lakini linastahili pia kuwamo katika historia ya mazingira, kwa sababu ngoma iliyopigwa marufuku ilikuwa ndiyo ile ile ambayo jamii iliitumia kuzungumzia mvua, ugonjwa na njaa. Syokimau, nabii wa kike wa karne ya 19 anayesimuliwa kuwa aliitabiri reli kama nyoka mrefu, alibahatika zaidi: jina lake limepewa stesheni ya treni iliyofunguliwa nje ya Nairobi mwaka 2012. Utabiri unaohusu chombo cha mtawala huheshimiwa. Unaohusu kutomtii mtawala hupelekwa Kismayu.

Fasihi ya Afrika Mashariki imeonyesha pia upande wa pili wa uhusiano huo. Katika hadithi ya Grace Ogot, "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyo wake wa mwaka 1968, binti wa chifu anatolewa ili mvua inyeshe. Ogot aliitoa hadithi hiyo katika masimulizi ya Waluo, na Wakamba hawana budi kuachiwa masimulizi yao. Hata hivyo, historia ya Ukambani ina tukio linaloikaribia kwa uchungu. Charles Ambler, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu jamii za Kenya ya kati mwanzoni mwa ubeberu, ameeleza jinsi wanawake na wasichana walivyowekwa rehani katika nchi jirani ili familia zipate chakula, wakati wa njaa kubwa ya mwisho wa karne ya 19. Mwanamke alikuwa ghala la mwisho. Ghala la nafaka likiisha, na mifugo ikiisha, lilibaki yeye.

Majina ya Njaa

Wakamba hawakuziita njaa zao kwa miaka. Walizipa majina, na orodha ya majina hayo ni utanzu mfupi kabisa wa fasihi simulizi ambao wahakiki wa Kiswahili hawajaushughulikia vya kutosha. Njaa iliyotajwa hivi punde, iliyoandamana na ndui na kufuatia vifo vya ng'ombe kwa sotoka, inaitwa Ngomanisye, maana yake ile iliyoenea kila mahali. Ya mwaka 1961 inaitwa Ndeke, kwa kuwa chakula cha msaada kililetwa kwa ndege. Ya miaka ya 1980 inaitwa Nikwa Ngwete: ninakufa nikiwa nimeshika. Kinachoshikwa ni pesa.

Yafaa kukaa kidogo na jina hili la mwisho. Linatamkwa kwa nafsi ya kwanza, na kitenzi chake ni cha mtu anayekufa akizungumza. Hakuna jua ndani yake, wala wingu. Anayeitafuta tabianchi katika kumbukumbu ya Ukambani kwa kufuata msamiati wa anga hataiona, maana jamii hii imeitia kumbukumbu ya ukame katika msamiati wa mahusiano: kutangatanga, msaada unaoshuka kutoka juu, fedha isiyonunua. Nikwa Ngwete inasema kwamba mshahara ulikuwepo na chakula hakikuwepo madukani. Sasa, mshahara huo ulikuwa mkononi mwa nani? Kwa sehemu kubwa ulikuwa mkononi mwa mwanamume aliyeajiriwa. Nafsi ya kwanza katika jina la njaa hiyo ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya kiume, ingawa Kikamba, kama Kiswahili, hakitofautishi jinsia katika viambishi vyake vya nafsi. Usomaji huu ni wa kudokeza tu, na mwenye ushahidi wa masimulizi aweza kuusahihisha.

Mkononi mwa mwanamke kulikuwa na kitu kingine. Diane Rocheleau, mwanajiografia aliyefanya utafiti Kathama, wilaya ya Machakos ya wakati huo, alikuwapo eneo hilo wakati wa ukame wa 1984 na 1985. Katika makala yake ya mwaka 1991 alieleza jinsi wanawake walivyoirudia elimu ya matunda ya porini, mboga za majani zisizopandwa na mimea ya dawa ili kuzivusha familia. Alichotilia mkazo ni kwamba elimu hiyo ilikuwa na historia. Sehemu yake ilikuwa zamani ya wavulana na wanaume waliochunga mifugo. Wavulana walipokwenda shule na wanaume mijini, kazi ya uchungaji iliwaangukia wanawake, na elimu ikafuata kazi. Kama mambo yangegeuka, elimu ingegeuka. Na ndivyo inavyotokea kwa wasichana waliosoma shule za bweni: wengi hawajui miti ambayo bibi zao waliitegemea, ingawa ni wa jinsia ile ile.

Fanya Juu

Lugha ya Kiswahili imechangia istilahi moja katika sayansi ya udongo ya dunia nzima, nayo ni fanya juu. Ni aina ya tuta ambapo mtaro huchimbwa kwa kufuata mkingamo wa mteremko na udongo wake hutupwa upande wa juu, hadi baada ya misimu kadhaa shamba lenyewe hujipanga kama ngazi. Mbinu hiyo ilistawi Machakos na Makueni na kutoka huko ikaenda mbali. Kisarufi, istilahi hii ni amri. Haina mtendaji. Na swali la historia ya jinsia katika Ukambani laweza kuanzia hapo: aliyeamrishwa "fanya" ni nani?

Katika miaka ya 1930 watawala walikuwa wameitangaza Machakos kuwa nchi iliyoharibika. Ripoti za Colin Maher za mwaka 1937 kuhusu mmomonyoko wa udongo ziliweka lawama juu ya wingi wa mifugo na kilimo cha wenyeji, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kupunguza mifugo kwa nguvu. Maelfu ya Wakamba, wake kwa waume pamoja na watoto, walitembea hadi Nairobi mwaka 1938 na kupiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu. Wanawake katika tukio hili wamo katika idadi lakini hawamo katika majina, na ni hivyo katika takriban kila waraka wa wakati ule.

Baada ya vita vya pili vya dunia, kazi ya kuhifadhi udongo ilirudi kwa sura ya vibarua vya lazima, nayo ilichukiwa. Ilipofika miaka ya 1950, chini ya bodi ya maendeleo ya ardhi iliyojulikana kama ALDEV, maofisa waligeukia mwethya, desturi ya zamani ya majirani kusaidiana kazi ambayo mtu mmoja haiwezi. Kazi ya matuta ikaenda kwa kasi isiyotarajiwa, na waliochimba walikuwa kwa wingi wanawake. Yako mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza ni kwamba mwethya wa asili ulikuwa wa hiari na wa zamu, ilhali ule wa serikali ulikuwa na karani na daftari. La pili ni kwamba wanawake walipata humo kitu ambacho serikali haikukusudia kuwapa, yaani chombo cha kukutana nje ya nyumba zao.

Chombo hicho hakikukaa kimya. Mwanzoni mwa uhuru lilitokea vuguvugu la Mbai sya Eitu, lililochunguzwa na mwanasayansi wa siasa Gideon Cyrus Mutiso mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina lake lamaanisha koo za mabinti: wanawake wanatajwa kwa ukoo walimozaliwa, si kwa ukoo walikoolewa, na tofauti hiyo ni ya kisiasa. Mutiso huyo huyo baadaye alikuwa mmoja wa viongozi wa SASOL, asasi iliyoanzishwa Kitui mwanzoni mwa miaka ya 1990 na iliyosaidia kujenga mabwawa ya mchanga zaidi ya 500. Bwawa la mchanga ni ukuta unaojengwa kuvuka mto wa msimu. Mafuriko hujaza mchanga nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga yasikauke kwa jua, yakangojea wachimbaji wa visima vifupi. Mawe na mchanga wa kujengea hubebwa na makundi ya wanakijiji, ambamo wanawake ndio wengi. Kutoka Mbai sya Eitu hadi mabwawa ya mchanga kuna uzi mmoja wa historia, na uzi huo ni wa kujipanga. Silika ya mama haihitajiki ili kuueleza.

Kitabu mashuhuri cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, More People, Less Erosion (1994), kilidai kwamba Machakos, ambayo watu wake waliongezeka kutoka takriban 240,000 mwaka 1932 hadi milioni 1.4 mwaka 1989, ilipona badala ya kuangamia. Dai hilo lilivunja hofu nyingi za kikoloni, na kwa hilo linastahili shukrani. Rocheleau na wenzake walijibu mwaka 1995 kwamba hadithi ya maangamizi na hadithi ya ufanisi zote mbili zinafuta tofauti za ndani: kati ya vilima na nyanda kavu, kati ya wenye ardhi na wasio nayo, kati ya wanaume na wanawake. Kwa Kyuso jibu hilo lina nguvu ya pekee. Kyuso haina soko la Nairobi mlangoni, wala vilima vya Mbooni. Ufanisi uliopimwa kwa matuta ya Machakos hauwezi kuazimwa na kuvikwa nchi ya Mto Tana.

Nadharia na Hati ya Shamba

Bina Agarwal, katika makala yake maarufu ya mwaka 1992 kuhusu India, alimkosoa Shiva kwa hoja ambayo Ukambani inaithibitisha: uhusiano wa mwanamke na mazingira unatokana na anachokifanya kila siku na anachokimiliki au asichokimiliki. Miaka minne baadaye Rocheleau, Barbara Thomas-Slayter na Esther Wangari walihariri kitabu kuhusu ikolojia-siasa ya kifeministi. Si jambo dogo kwamba nadharia hii, ambayo sasa hufundishwa Ulaya na Marekani, ilikulia kwa kiasi fulani katika mashamba ya Machakos. Wanafunzi wa Afrika Mashariki huiagiza kutoka nje kama bidhaa ngeni.

Tamthilia ya Kiswahili ilikuwa imeshafika karibu na hoja hiyo kwa njia yake. Kithaka wa Mberia, mwenyeji wa Tharaka, ng'ambo tu ya Tana kutoka Kyuso, aliandika Natala (1997), kuhusu mwanamke anayekataa kurithiwa na shemejiye, huku nyuma ya tamaa ya kumrithi kukiwa na tamaa ya shamba na hati yake. Wahakiki wengi wameisoma tamthilia hiyo kama kilio dhidi ya mila. Inasomeka vilevile kama maandishi ya mazingira. Mwanamke ambaye shamba lake laweza kuchukuliwa kesho ana sababu chache za kupanda mti utakaokomaa baada ya miaka 15, na anayemwambia kwamba hajali tabianchi atakuwa amemsoma vibaya. Katika Kifo Kisimani (2001) mwandishi huyo huyo anaviweka visima mikononi mwa mtawala. Tamthilia hiyo ni ya kisiasa zaidi ya kijinsia, na pengine hapo ndipo udhaifu wake, kwa kuwa katika nchi inayofanana na Butangi mtu wa kwanza kufika kisimani alfajiri huwa ni mwanamke, ilhali shujaa wa mchezo ni mwanamume.

Makaa

Hakuna tukio linaloonyesha utata wa suala hili kuliko marufuku ya mwaka 2018. Charity Ngilu, aliyewahi kugombea urais mwaka 1997, alichaguliwa mwaka 2017 kuwa gavana wa Kitui, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kushika wadhifa huo nchini Kenya. Mnamo Januari 2018 alipiga marufuku biashara ya makaa na uchimbaji wa mchanga katika kaunti yake. Kulikuwa na lori lililochomwa, kulikuwa na uhasama na wafanyabiashara wa kaunti nyingine, na mwezi Februari serikali kuu nayo ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma.

Kwa mujibu wa ikolojia-ufeministi ya awali, hapa pangekuwa na ushahidi uliokamilika: mwanamke anapata mamlaka, na ardhi inapata mlinzi. Lakini makaa ya Kitui hayakuwa yakichomwa na matajiri wenye malori peke yao. Katika misimu ambayo nthwa ilikosa, gunia la makaa lilikuwa karo, dawa na unga, na miongoni mwa waliochoma na kuuza kando ya barabara walikuwamo wanawake wasio na mshahara wa mtu wa kutumainia. Kwa mwanamke wa namna hiyo marufuku ilikuwa njaa nyingine. Wakati huo huo, jirani yake anayechota maji katika mchanga wa mto alikuwa na kila sababu ya kushangilia kuondoka kwa malori ya mchanga, maana bila mchanga bwawa ni ukuta mtupu. Wote wawili ni wanawake, wote ni wa Kitui, na pengine ni wa kundi moja la mwethya. Msimamo wa kila mmoja kuhusu sheria ya mazingira unafuata riziki yake.

Makueni ilipitia njia tofauti kidogo. Mwaka 2015, chini ya gavana Kivutha Kibwana, kaunti hiyo ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Mwaka huo huo ikawa ya kwanza nchini kuweka mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi, uliotengewa asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, kabla hata Bunge halijapitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016. Miradi ya mfuko huo hupendekezwa na kamati za wadi. Anayetaka kujua maoni ya wanawake wa Ukambani kuhusu tabianchi, hasa baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba kati ya mwaka 2020 na 2022, angefaa kuanzia katika kumbukumbu za vikao hivyo, akatazame nani aliomba bwawa na nani aliomba barabara, na ni nani aliyeandika jina lake kwa niaba ya nani.